Kijana Mwenye Mgongo Wazi Asiache Kliniki



Wako watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Mifupa ya mgongo haikufunga sawasawa katika mwezi wa kwanza wa mimba. Huu si uchawi wala laana. Mtoto hupasuliwa, na kidonda hupona. Lakini mishipa ya fahamu iliyoharibika haiponi. Kwa hiyo mara nyingi kibofu chake hakiwezi kutoa mkojo wote.

Katika mkojo unaobaki, vijidudu huzaana. Kibofu kikijaa mno, mkojo hurudi juu na kuharibu figo. Ndiyo maana mama hufundishwa hospitali kuutoa kwa mpira mwembamba, kila baada ya saa 3 au 4 wakati wa mchana.

Hatari iko wapi?

Mtoto akiwa mdogo, mama humpeleka kliniki. Akikua, huambiwa aende kliniki ya watu wazima. Hapo wengine hupotea. Kijana anaona haya. Wazazi wanadhani amepona. Akiwa shule ya bweni, hanywi maji ili asijilowanishe. Wakati huo figo huharibika kimya kimya, bila maumivu. Anapokuja kuvimba uso na miguu, huenda figo zimekwisha kufa.

Tufanye nini?

1. Tuanze mapema. Afikapo miaka 12 hivi, mtoto anayeweza ajitoe mkojo mwenyewe. Anawe mikono kwa sabuni kwanza. Mpira auoshe na kuutunza kama alivyofundishwa.

2. Ajue jina la ugonjwa wake, dawa zake, na mara ngapi amepasuliwa.

3. Aanze kuzungumza na daktari yeye mwenyewe. Yako mambo ya unyumba na uzazi ambayo hatayauliza mbele ya mama yake. Msichana amwone daktari kabla ya kushika mimba, apewe vidonge vya foliki vya kiasi kinachomfaa.

4. Kabla ya kuhama, mwombeni daktari wa watoto barua. Ulizeni kliniki mpya iko wapi, siku gani, na daktari nani. Kadi, picha za figo na majibu ya damu vitunzwe pamoja.

5. Msiache kliniki ya zamani mpaka ile mpya imempokea.

Hata akijisikia mzima, apimwe figo, damu na shinikizo la damu kila mwaka, au kama daktari atakavyosema.

Nenda zahanati upesi ukiona haya:

- homa au kutapika
- mkojo wenye damu, au unaonuka na kuchafuka kuliko kawaida
- mkojo kupungua sana
- maumivu ya kiuno
- kuvimba uso au miguu

Usingoje maumivu. Mwenye mgongo wazi huenda asiyasikie.

Ndugu mzazi, umemlea mtoto huyu kwa taabu. Mfundishe sasa kujitunza, ili siku usipokuwapo figo zake ziwe salama.