Je, Wajua? Mbio za Vilima na Kumbukumbu ya Nyika Zetu

Je, wajua ya kuwa mbio za Comrades za Afrika ya Kusini, ziendazo masafa ya karibu kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg, asili yake yarejea katika ardhi yetu? Vic Clapham, askari wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa miongoni mwa waliopita kwa miguu nyika za Afrika ya Mashariki iliyotawaliwa na Wadachi. Na vita vilipokwisha, akaazimia kuwakumbuka sahibu zake waliofariki kwa jambo litakaloutahini mwili kama walivyotahiniwa wao. Katika mbio za kwanza, tarehe 24 Mei 1921, walianza watu 34, wakamaliza 16.

Kwa desturi njia hugeuzwa, mwaka mmoja ikapandwa kutoka pwani, mwaka wa pili ikateremkwa kuelekea baharini. Mgeni hudhani kuteremka ni rehema, kumbe msuli wa paja, ukiuzuia mwili usiporomoke ilhali wenyewe wanyooshwa, huchanika nyuzi zake kuliko upandapo, hata kesho yake ngazi tatu za nyumba zikawa adhabu.

Linigusalo zaidi ni la jioni: muda uliowekwa utimiapo, nao kwa miaka mingi umekuwa saa 12 tangu kuanza, msimamizi husimama mstarini akiwapa wakimbiaji mgongo, asimwone ajaye, akafyatua risasi, na aliyebakiwa na hatua moja tu hahesabiwi kuwa amefika.