Ufunguo wa Ghala la Msimbo

Mnamo Agosti 2011 iligunduliwa kuwa wadukuzi walikuwa wamepenya tarakilishi za kernel.org, ambamo huhifadhiwa msimbo wa kiini cha Linux. Hadi hapo, mamia ya wasanidi programu walikuwa na akaunti katika tarakilishi hizo zenyewe. Aliyeiba siri ya mmoja wao alikuwa tayari yumo ndani ya nyumba. Baadaye ghala likakabidhiwa Gitolite, programu yake Sitaram Chamarty. Humo wote hupitia akaunti moja, kila mtu na ufunguo wake, na faili moja huamua nani asome, nani aandike, hata katika tawi lipi. Msimbo ulihama ukiwa mzima, wala haikuwa bahati: Git huipa kila badiliko alama itokanayo na yaliyomo, nao wasanidi walikuwa na nakala kamili.