Bakteria Amekufa, Sumu Imebaki

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa: chemsha maji, chuja, kunywa. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo kanuni hiyo inafanya kazi vizuri, na sitaki mtu aache kuchemsha maji eti kwa sababu kasoma makala hii. Ila kuna kitu kanuni haisemi, na sisi tunaosomea ualimu wa Biolojia na Kemia tunakipita haraka mno: kuua bakteria ni kazi moja, kuondoa sumu yake ni kazi nyingine kabisa.

Twende Brazil, mji wa Caruaru, Februari 1996. Kwenye kituo kimoja cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, watu walianza kulalamika macho hayaoni vizuri, kichefuchefu, kutapika. Kati ya wagonjwa 131, dalili ziliwapata 116, na 100 kati yao ini likashindwa kufanya kazi. Vifo 52 vilihusishwa na tukio hilo. Maji ya kituo yaliletwa kwa lori, na asili yake ni bwawa lililokuwa na sayanobakteria, wale bakteria wanaogeuza maji kuwa kijani. Mfumo wa kuchuja pale kituoni haukuzuia sumu yao, mikrosistini.

Kwa nini wao, na kwa nini wengi hivyo? Piga hesabu. Wewe na mimi tukijitahidi tunakunywa lita mbili kwa siku, na zinapita tumboni kwanza. Mashine ya kusafisha damu inapitisha kama nusu lita ya maji kila dakika kwa saa nne. Hizo ni lita 120 kwa kikao kimoja, na kati ya maji hayo na damu ya mgonjwa kuna utando mwembamba tu.

Sasa hiyo sumu inakaa wapi? Kuna mitindo miwili. Wa kwanza, sumu ni sehemu ya ukuta wa bakteria mwenyewe. Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi Berlin kwenye maabara ya Robert Koch, aligundua mwaka 1892 kwamba bakteria wa kipindupindu waliokwisha kufa bado waliwadhuru wanyama wa maabara. Sumu hiyo ikaitwa endotoksini. Kuichemsha ni kama kuimbia jiwe: viwandani wanapotaka kuiharibu kwenye vyombo vya kioo hutumia joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Ukiinywa, kwa kawaida tumbo linaimudu. Balaa ni ikiingia kwenye damu.

Mtindo wa pili ndio wa mikrosistini. Bakteria anaitunza ndani ya mwili wake, na nyingi hutoka pale anapopasuka. Kwa hiyo mtu mwenye nia njema akimwaga mrututu kwenye bwawa la kijani, anachofanya ni kuwapasua wote kwa mpigo na kuiachia sumu iyeyuke majini. Klorini nayo inaweza kuivunja mikrosistini ikiwa kipimo kinatosha na ikapewa muda, lakini ikikutana na lundo la bakteria wazima, kwanza inawapasua. Kuchemsha hakuiharibu. Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Marekani, wanaotegemea maji ya Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba na pia wasiyachemshe, maana maji yanapungua kwa mvuke na sumu inabaki pale pale.

Wenzangu wa Mwanza na Kisumu hapa hawahitaji picha. Ule ukijani wa ghuba za Ziwa Victoria una ndugu wa hao hao, jenasi ya Microcystis. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, bakteria akifa, sumu yake inaenda wapi?" Swali zuri kuliko mengi niliyokutana nayo kwenye mitihani ya chuo.

Utando wa kuchujia unajibu nusu ya swali hilo. Ufikirie kama wavu: wa sangara haukamati dagaa. Bakteria ana ukubwa wa mikrometa moja hivi. Utando wenye vitundu vya mikrometa 0.01 unamkamata akiwa mzima, sumu yake tumboni. Ndiyo maana kwenye maji ya kijani ni busara kuchuja kwanza, kuua baadaye. Lakini mikrosistini iliyokwisha kuyeyuka ni molekuli ndogo sana, inapenya hapo bila hata kuinama. Kuizuia kunahitaji utando mbano zaidi, kama ule wa osmosisi kinyume, au mkaa ulioamilishwa unaobadilishwa kwa wakati.

Na hapa ndipo wavu wenyewe unageuka tatizo. Unajua ule utelezi unaoota kwenye ndoo ya hosteli ukiisahau wiki moja? Huo ni mji wa bakteria. Wanajishika, wanatoa ute, wanajengana. Kwenye utando wanafanya vilevile: maji yanapita kidogo, pampu inasukuma zaidi, umeme unapanda. Basi si uweke klorini? Tando nyingi za osmosisi kinyume ni za poliamaidi, na klorini inazitafuna. Kwa hiyo klorini inaondolewa kabla maji hayajaufikia utando, na kuanzia hapo maji hayana mlinzi. Mashine ya maji iliyopo getini kwetu imeandikwa OSMOSISI KINYUME kwa herufi kubwa. Tarehe ya kuoshwa mara ya mwisho haijaandikwa popote, na mimi ningependa kuisoma hiyo.

Kuosha kwenyewe, kwa kawaida, ni kostiki soda ya kulegeza ute na asidi ya kuyeyusha chokaa. Kabla ya hapo, dawa kubwa ni kuwanyima chakula: kuchuja maji vizuri mwanzoni ili mabaki ya mimea na fosfeti yasifike kwenye utando.

Kuna njia nyingine inayonivutia zaidi. Bakteria hawajengi utelezi hovyo. Wanatumiana ishara za kemikali, na idadi ikitosha ndipo ujenzi unaanza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Korea Kusini, walionyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja ishara hizo kinapunguza kuziba kwa utando. Bakteria hauawi, anakatiwa mawasiliano tu, kwa hiyo hakuna anayepasuka. Ila kazi hiyo ilifanyika kwenye maji taka. Kwenye vyumba vya kusafisha damu bado wanakwenda kwa njia ndefu: maji yanazungushwa yasituame, mabomba yanauliwa vijidudu kwa joto au kemikali, na sampuli hupimwa mara mbili, moja kuhesabu bakteria walio hai, nyingine kutafuta endotoksini.