UZI: Akivishwa na wazee, amepewa nini hasa?

Msimu wa siasa ukifika Kwale, video ni ile ile. Mwanasiasa kavishwa vazi, kashikishwa bakora, na jioni wafuasi washaandika: "Sasa ndiye msemaji wa Wadigo na Waduruma." Wacha tuelewane hapo.

Wazee wa kaya kazi yao ni kaya: msitu, makaburi, maombi, miiko. Kaya Kinondo hapo Diani ni kati ya misitu iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mpaka leo huingii ovyo. Kukaa kwenye ngambi, baraza lao, si jambo la alasiri moja. Kwa hivyo mgeni akivishwa, amepewa heshima, kama ile shahada ya heshima ya chuo kikuu: joho unalo, mtihani hukufanya. Kusemea watu ni kitu kingine, hicho kinatoka kwa debe. Na uliza pia: ni wazee wa kaya gani, na wenzao wana habari?

Serikali nayo ina vyeo vyake vya heshima. Zile herufi nyuma ya jina, EGH, EBS, MBS, hutolewa na Rais chini ya sheria ya 2013. Cha kuchekesha, E inasimamia "mzee" na M "morani". Yaani serikali ilikopa lugha ya rika ikaifanya nishani! Haziongezi mamlaka hata chembe. "Mheshimiwa" ni adabu tu.

Sasa mzee ambaye hapigwi picha: mzee wa kijiji. Nenda Msambweni ndani. Mpaka wa shamba ukibishaniwa, mbuzi wakila mihogo ya jirani, anayegongewa mlango usiku ni yeye. Chifu anamtegemea, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa ya kujitolea. Cheo anacho, mshahara hana.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 53, inataja baraza la kijiji lenye wazee 3 hadi 5, posho yao iamuliwe na bunge la kaunti. Lakini hao ni wa kaunti. Huyu wa chifu yuko upande wa serikali kuu. Ndiyo maana kila upande unaweza kukwambia "nenda kwa wale."

Basi mgombea akimaliza kuvishwa, kabla hajapanda gari, muulizeni posho ya mzee wa kijiji ataitoa mfuko upi.