Oksidi Zinazoamua Iwapo Kioo Kitashikamana na Mfupa

Mgonjwa anapoambiwa kuwa pengo katika mfupa wake litajazwa chembechembe za kioo, ana haki ya kushtuka. Kioo anachokijua ni kile cha dirishani: hukata, huvunjika, na kikiingia mwilini hutolewa. Hata hivyo, kioo cha dirisha na kioo cha tiba vina asili moja, yaani silika, madini yaliyojaa katika mchanga mweupe. Kinachovitofautisha ni aina na kiasi cha oksidi zinazoongezwa wakati wa kuyeyusha.

Silika peke yake huunda mtandao imara usioyeyuka kwa urahisi. Oksidi ya sodiamu hukata baadhi ya viungo vya mtandao huo. Kioo huyeyuka kwa joto dogo zaidi, lakini pia hushambuliwa upesi na maji. Kwa dirisha, hiyo ni kasoro. Kwa tiba ya mfupa, ndiyo sifa inayotafutwa.

Mwaka 1969, Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alibuni kioo chenye, kwa uzito, asilimia 45 ya silika, 24.5 ya oksidi ya sodiamu, 24.5 ya oksidi ya kalsiamu na 6 ya oksidi ya fosforasi. Kikigusana na majimaji ya mwili, sodiamu hutoka na utando laini wa silika hubaki juu yake. Kalsiamu na fosfeti hujikusanya hapo na kuwa fuwele zinazofanana na madini ya mfupa, nazo nyuzi za kolajeni huzishika. Silika ikizidi takriban asilimia 60, mshikamano huo haupatikani. Oksidi ya alumini, hata kwa kiasi kidogo, huweza kuuzuia.

Kioo hicho, hata hivyo, ni chepesi kuvunjika. Panapohitajika nguvu, kama katika mataji ya meno, hutumika kauri-kioo: kioo kilichopashwa joto kwa hatua ili fuwele zizaliwe ndani yake. Oksidi ya lithiamu huungana na silika kufanya fuwele ndefu zilizosukana, huku oksidi ya fosforasi ikisaidia kuzianzisha. Ufa ukijitokeza, fuwele hizo huupinda na kuupunguzia kasi.

Kwa hiyo neno “kioo” pekee halimtoshi mgonjwa. Aelezwe kama alichowekewa kimekusudiwa kutoa nafasi kwa mfupa wake au kudumu kinywani. Chembechembe za kujazia pengo hazibebi uzito wa mwili; mfupa unaoubeba huhitaji kuegemezwa mpaka upone.