Kupanda ni Harusi, Kutunza ni Ndoa

Mwaka jana mimi na mume wangu tulikaa wiki tatu ndani ya nyumba moja tukiongea mambo mawili tu: "umelipia umeme?" na "nimelipia." Sababu? Kiwanja.

Si unajua tena maisha ya Dar es Salaam. Umeolewa, una kazi nzuri, marafiki wanakuona umefika, lakini kila baada ya miezi 6 mwenye nyumba anapiga simu. Tulikuwa tunadunduliza miaka 4. Basi siku moja mume wangu anarudi kazini anacheka peke yake. Dalali kampeleka sehemu, karibu kabisa na mkono wa bahari, upepo mwanana, bei nusu ya viwanja vingine. Kesho yake akanipeleka kukiona.

Nilichokiona mimi ni tope na visiki. Mikoko ilikuwa imekatwa juzijuzi, mingine bado ina utomvu. Dalali akasema hayo ni magugu tu, mnajaza kifusi, baada ya mwezi mnapiga msingi. Nikamwambia mume wangu, "Hapa hapana." Akanyamaza. Kumbe alishatoa malipo ya awali kutoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, bila kuniambia. Hapo ndipo wiki tatu za umeme zilipoanza.

Safari ya Vanga

Tulipatanishwa na harusi, lakini si yetu. Mume wangu ni mtu wa Tanga, na shangazi yake ameolewa Vanga, kijiji cha wavuvi upande wa Kenya, ukishavuka tu mpaka wa Horohoro. Binti yake alikuwa anaolewa, na kususia harusi ya binamu kwa sababu ya ugomvi wa ndani ni aibu. Tukaenda. Njiani tukasikiliza redio.

Siku ya pili baada ya harusi nimeamka nimechoka, shangazi kaniletea chai na kuniambia nivae nguo ya kuchafuka. "Shikamoo shangazi, tunakwenda wapi?" "Marahaba mwanangu. Maji yanakupwa, twende tukaangalie watoto." Nikadhani wajukuu. Kumbe watoto wenyewe ni miche ya mikoko!

Mume wangu naye akaburuzwa. Dakika kumi za kwanza nilipoteza kiatu kimoja kwenye tope. Tuliwakuta akina mama na vijana wapatao ishirini, kila mtu na ndoo yake. Hakuna aliyelipwa. Hakuna bango, hakuna mgeni rasmi. Walikuwa wanahesabu miche ipi imekufa, ipi imeliwa na kaa, ipi imesombwa na maji, halafu wanaziba mapengo.

Shangazi akanionyesha mbegu ya mkoko. Ni ndefu, imechongoka chini kama penseli, na inaanza kuota ingali juu ya mti. Unaisimika kwenye tope, theluthi moja ndani, basi. Nikamwambia mbona rahisi hivi? Akacheka.

"Kupanda ni harusi, mwanangu. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanakula pilau, wanaondoka. Kutunza ndiyo ndoa."

Nikamtupia jicho mume wangu. Naye alikuwa ananiangalia.

Walioanza mapema

Shangazi na wenzake hawakuzua jambo hili. Walijifunza kwa jirani zao wa Gazi, kijiji kilicho katika kaunti hiyohiyo ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kuwa kuni za viwanda. Sehemu nyingine zilibaki uwanja mtupu, na msitu haukurudi wenyewe. Miaka ya 1990 watafiti wa bahari wa Kenya na wanakijiji wakaanza kurudishia, mche kwa mche.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikazindua mradi wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko hufungia hewa ya ukaa kwenye miti na hasa kwenye tope lake, wanauza kiasi hicho cha hewa, kama tani 3,000 kwa mwaka, kwa watu na makampuni ya nje yanayotaka kufidia uchafuzi wao. Fedha haziishii mfukoni mwa mtu mmoja. Wanakijiji wanaamua mkutanoni: maji safi, mahitaji ya shule na kadhalika. Mwaka 2017 mradi huo ukapata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Baadaye Vanga, pamoja na vijiji vya Jimbo na Kiwegu, wakafuata nyayo kwa mradi wao wenyewe.

Ila usidhani fedha ndiyo iliyowatoa watu nyumbani. Miche ya mwanzo ilipandwa miaka mingi kabla hewa ya ukaa haijawa na mnunuzi. Shangazi yeye alianza kwa sababu ya kitoweo. Mizizi ya mikoko ndiyo kitalu cha samaki wadogo, kamba na kaa. Ikikatwa, mvuvi analazimika kwenda mbali zaidi, na mke anasubiri zaidi.

Swali la mume wangu

Tukiwa tunarudi, miguu mizito kwa tope, mume wangu akauliza kama mtu anayeuliza habari za jirani: "Shangazi, hivi mtu akijaza kifusi sehemu kama hii, akajenga?"

"Atajenga," shangazi akajibu. "Bamvua likija, aje anieleze ameamkia wapi."

Hakuongea tena mpaka tumevuka mpaka. Karibu na Tanga akasimamisha gari pembeni, akaniomba msamaha. Hakuanza na kiwanja, alianza na zile fedha alizozitoa bila kuniambia. Na mimi nikamwomba msamaha, maana badala ya kusema nilinuna wiki tatu, na kununa nako ni kukata mti.

Tuliporudi Dar tukafanya kile tulichopaswa kufanya kabla ya kutoa hata shilingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Tena mikoko yetu ni hifadhi ya msitu, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa maneno mengine, dalali alikuwa anatuuzia kesi. Fedha hatukurudishiwa mpaka leo. Bado tumepanga.

Lakini Jumamosi moja kila mwezi tunatoka na kikundi cha watu wa mtaani kwetu, walimu, fundi wa magari, mama ntilie na wanafunzi wawili wa chuo. Tunaokota plastiki zinazosonga mizizi na kuangalia miche. Mwezi wa kwanza tulipanda 12, mimi na yeye. Leo iko hai 5. Mume wangu ameipa majina, nikimwuliza anasema ni siri.

Kama na nyinyi mnataka kujiunga

*Uliza miche ya mwaka jana iko wapi.* Kikundi cha kweli kitakupeleka ukaione, hata kama nusu imekufa. Kikundi cha picha kitakuonyesha albamu.

*Uliza mti gani unapandwa wapi.* Mikoko si mti mmoja. Mlilana huvumilia ukingo wa mbele unaopigwa na mawimbi, mkoko na mkandaa hukaa ndani zaidi. Ukikosea mahali, umepanda kuni. Na pengine sehemu haihitaji kupandwa kabisa, inahitaji tu kuachwa na kulindwa, mbegu zitakuja na maji zenyewe.

*Uliza ardhi ni ya nani na kibali kiko wapi.* Nia njema haiondoi sheria. Kama mko mbali na pwani, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kumiliki na kutunza misitu yao. Nendeni ofisi ya kijiji au ya misitu ya wilaya, mtaambiwa nani anafanya nini.

*Nendeni wawili.* Tope halijali cheo chako wala mshahara wa mwenzio. Mkishashikana mikono msianguke, ni vigumu kuendelea kununiana.

Mwenzangu, zile Jumamosi zetu za zamani, kila mtu na simu yake mwisho wa kochi, sizikumbuki tena kwa hamu. Tumekosa kiwanja, ndiyo. Ila wiki iliyopita mche mmoja kati ya ile 5 umetoa majani mapya mawili, na mume wangu alinipigia simu kazini kunieleza kabla hajamweleza mtu mwingine yeyote.