Nani Kamkumba Nani? Maneno ya Shida na Vitenzi Vyake katika Kiswahili cha Kitale na Bungoma

Utangulizi

Kujua maneno ya lugha ni jambo moja. Kujua ni yapi huandamana na yapi hukataana ni jambo jingine. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alisisitiza katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana katika maneno yanayoambatana nalo mara kwa mara. Makala haya yanachunguza uandamano huo katika uwanja mmoja tu: shida, tatizo, taabu, dhiki na jamaa zake. Hoja yetu ni kwamba kitenzi kinachoandamana na nomino hizi ndicho humjulisha msikilizaji nani ameumia na nani anapaswa kuwajibika.

Mifano yetu inahusu Kitale na Bungoma. Huku Kiswahili ndicho daraja kati ya Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, Wakikuyu na wengineo, iwe sokoni, katika kituo cha matatu au ofisini kwa chifu. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari husoma masomo mengi kwa Kiingereza. Hivyo basi, aandikapo insha huelekea kukihamisha kitenzi cha Kiingereza pamoja na nomino yake, bila kujiuliza kama viwili hivyo vinapatana katika Kiswahili.

Picha iliyomo ndani ya nomino

Kila nomino hapa ina picha yake. Tatizo linatokana na tata, yaani hali ya nyuzi kusokotana. Kitenzi tatua nacho kimejengwa kama vile fungua kutokana na funga, au kunjua kutokana na kunja. Ndiyo maana tatizo hutatuliwa: ni fundo, nalo hufunguliwa.

Dhiki ina picha nyingine. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na wazo lake la msingi ni kubanwa. Methali isemayo "Baada ya dhiki faraja" inakamilisha picha hiyo, kwa kuwa faraja nayo kwa asili ni kufunguka kwa kilichobana. Mtu huwa katika dhiki, au huokolewa dhikini. Taabu nayo huonwa: "ameona taabu" haimaanishi kwamba ameitazama kwa macho, bali ameipitia yeye mwenyewe. Mgogoro, kwa kuwa ni wa watu, husuluhishwa, kwani suluhu ni mapatano.

Anayesema kwamba njaa ya jirani yake ni "tatizo la kutatuliwa" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi. Hata hivyo, ameligeuza tumbo la mtu kuwa fumbo la hesabu.

Kukabiliwa na kukabiliana

Viambishi vya kitenzi vina uzito zaidi. Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Wakulima wa Trans Nzoia walikabiliwa na viwavijeshi mwaka 2017.
(b) Wakulima wa Trans Nzoia walikabiliana na viwavijeshi mwaka 2017.

Katika (a) wadudu ndio waliomjia mkulima na kuvamia mahindi yake. Katika (b) mkulima amesimama kupambana nao, pengine kwa dawa, pengine kwa kuwaokota kwa mkono. Insha nyingi, na hata taarifa za habari, hutumia (b) mahali pa (a), na hivyo kumpa mhasiriwa ushujaa ambao huenda hakuwa na nafasi ya kuuonyesha.

Tofauti hiyo huwa nzito zaidi panapohusika maisha ya watu. Kati ya 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon, lililomo katika Kaunti ya Bungoma ya leo, lilikumbwa na machafuko yaliyohusiana na ugawaji wa ardhi katika makazi ya Chepyuk. Tukiandika kwamba wakazi "walikumbana na matatizo ya ardhi", tumeonyesha pande mbili zilizokutana njiani, na hakuna aliyetenda lolote. Tukiandika kwamba "walifukuzwa makwao", swali la nani aliyewafukuza linabaki hai.

"Nina shida nawe"

Pwani na Tanzania, shida ni haja pia. Anayekuambia "nina shida nawe" anaomba msaada au nafasi ya mazungumzo, na karani anayeuliza "una shida gani?" anakukaribisha ueleze haja yako. Kitale, kwa athari ya Kiingereza, kauli ya kwanza huweza kusikika kama shutuma, na ya pili kama uchokozi. Mzee kutoka Mombasa akimwambia karani wa Bungoma, "Mwanangu, nina shida nawe," huenda akajibiwa kwa hasira ilhali aliomba kwa adabu.

Aidha, neno changamoto linameza jamaa zake wote. Kwa maana yake ya awali, changamoto ni jambo linalomtia mtu ari ya kujitahidi. Siku hizi ukosefu wa dawa zahanatini ni changamoto, na wizi wa fedha za umma ni changamoto. Neno lililokusudiwa kuamsha limekuwa la kubembeleza.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua, na kwamba "kutatua shida" kumeshazoeleka. Ni kweli, wala makala haya hayakusudii kupiga marufuku kauli iliyokubaliwa na wengi. Ila kukua kwa lugha ni kuongeza uwezo wa kupambanua. Mwalimu anayesahihisha insha anaweza kuanza na swali moja pambizoni: katika sentensi hii, nani kamkumba nani? Mwanafunzi akilijibu, atapata kitenzi kifaacho. Nasi tutakaomsoma tutajua ni nani anayehitaji faraja, na ni nani anayepaswa kuulizwa.